Mawe ya Juu

Jiwe lenyewe si la maana. Ni jekundu, linatosha kiganja, na upande mmoja lina udongo ambao nimekataa kuufuta. Nililiokota kando ya kaburi la Mama kule kwetu Makueni, watu wakiwa wameshaanza kuelekea kwenye tenti kula, na kwa wiki kadhaa halikupata pa kukaa. Nililiweka juu ya friji, likanisumbua. Nikaliweka dirishani, nikarudi kulihamisha kabla chai haijachemka. Mwishowe likahamia kwenye gari, kiti cha mbele, na kila nikifunga breki linaanguka, mimi naliinua na kuliomba msamaha, mtu mzima na akili zangu timamu. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, akaona uso wangu, akarudi kwa gazeti lake.

Kutulia sijawahi kujua. "Kwani umekalia siafu?" Hilo swali niliulizwa utotoni mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina langu. Kanisani, darasani, mezani. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia Kitengela kabla ya maghorofa, semeni ukweli, nani alitulia? Ukitoka mlangoni uko mbugani. Punda milia walikuja mpaka kwenye kamba ya nguo. Nyumbu wakipita, watoto tulivutwa ndani kwa masikio. Na ule upepo! Ulikuwa unatia vumbi hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha Mama anauliza nani amefunua mboga. Nimepigwa kwa makosa ya ule upepo.

Ploti yetu Baba aliinunua kwa familia ya Kimaasai, na kwenye kona yake kulikuwa na rundo la mawe lililomfika kifuani, pana kuliko jiko letu. Sasa, udongo wa pale ni ule mweusi, ukinyeshewa unabeba gumboot yako na kukuachia soksi. Mawe hauna. Unaweza kutembea mpaka uchoke usipate hata la kumrushia mbwa. Kwa hivyo kila jiwe la lile rundo lilikuwa limebebwa na mtu kutoka mahali. Hilo nililiona mapema, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kutafuta vitu vya kurusha.

Aliyeniambia habari yake ni Koko. Kwa Kimaa koko ni nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa kila mtu upande ule. Alipita kwetu na punda wake akienda maji, na akirudi alikuwa na jiwe la kutoka korongoni mkononi. Mimi nilikimbia kumwinamishia kichwa anishike utosini, kama watoto wake walivyofanya.

"Koko, takwenya!"

"Iko," ananiitikia salamu. Kisha anaenda kwa rundo, anaweka jiwe lake, ananung'unika kidogo, anaondoka.

"Koko, nani yuko hapo chini?"

"Mzee."

"Mzee gani?"

"Wa zamani. Hata baba ya baba yangu hakumjua. Lakini iko mtu amelala hapa. Utapita mtu hivi hivi, bila kumwekea kitu? Wewe ni mbuzi?"

Nikaona anasema kweli. Nami nikawa naweka, ingawa nilikuwa naweka nikikimbia.

Mwaka huo Mama alikuwa mzito. Siku ilipofika, yeye na Baba walipanda basi kwenda hospitali ya Kajiado, wakaniacha na Koko. Mama alibeba blanketi ya mtoto, ya manjano, mpya, ambayo nilikuwa nimekatazwa kuigusa na nilikuwa nimeigusa sana. Sijui nilingoja muda gani. Najua Koko alichoka na mimi, akanifunga kiunoni kwa leso kama mbuzi anayesumbua, mwisho mwingine wa leso ukiwa mkononi mwake, na hata hivyo nikamzungusha boma lote.

Walirudi alasiri. Niliona ile manjano kutoka mbali. Mama alikuwa ameikumbatia kifuani, imekunjwa, na niliona kwamba ina uzito, kuna kitu ndani. Mbio zangu za siku hiyo sijawahi kuzirudia.

"Leta nimwone! Mama, inama nimwone!"

Mama akainua mikono juu, blanketi ikanipita. Hakuniangalia. Akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Baba akanishika bega. "Mtoto tumemwacha hospitali, Mwende. Usimsumbue Mama."

Ninyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, na hakuna aliyechukua shida ya kunielewesha. Kwa akili yangu, kitu kilichoachwa mahali kinarudiwa. Niliwahi kuacha sweta shuleni, nikachapwa, nikairudia. Baba aliwahi kuacha mwavuli kwa basi na akaupata. Kama wameacha mtoto hospitali, basi watamrudia, labda wakipata nafasi, labda akishiba. Nikaanza kumtengenezea kayamba. Nilitoboa vifuniko vya soda kwa msumari, nikavitia kwenye waya, nikawa napita kila siku kwenye kioski kuokota vingine. Kila basi likisimama barabarani nilikuwa naangalia nani anashuka.

Wanawake wa kanisa walikuja kumwona Mama. Walikunywa chai, wakamwambia, "Shukuru Mungu wewe mwenyewe umerudi." Mama alisema ndiyo, ameshukuru, akawaongezea chai. Wakiondoka alikuwa anasafisha vikombe kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Tangu hapo hakuna aliyemtaja mtoto ndani ya nyumba yetu, na mimi nikadhani wamemsahau. Jambo hilo lilinitia hofu mbaya. Kama wanaweza kumsahau yule, mimi je, nikichelewa kutoka shule?

Ndipo Mama alipoanza kuleta mawe. Akitoka sokoni, kuna jiwe kwenye kiondo, chini ya sukuma wiki. Akitoka kanisani, kuna jiwe kwenye mkoba pamoja na Biblia. Alikuwa anapitia kwa rundo kabla ya kuingia nyumbani, anaweka, anasimama kidogo. Nilidhani ameambukizwa na Koko, kama sisi sote tulivyoambukizwa salamu za Kimaa. Baba naye alifurahi kwa sababu zake. Alikuwa anataka kujenga nyumba ya mawe, na kwa udongo ule mweusi lazima uchimbe mpaka ufike pagumu, halafu ujaze mawe, la sivyo ukuta unapasuka mvua ya kwanza.

"Lete tu, Mama Mwende," alimtania. "Ukiendelea hivyo sitaita lori."

Mama hakucheka. Baba akadhani hakusikia.

Sasa nije kwa yale mazungumzo, maana bila hayo haya mengine yangepita kimya. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, ule wa mabati, alianza kuja mama mmoja kutoka Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchimba vitu vya kale huko nyikani, na alikuwa amekubaliana na mwalimu mmoja mstaafu wa mji wetu kwamba wenyeji waelezwe wanakaa juu ya nini. Tulimwita Madam. Alivaa suruali na kofia ya jua, jambo lililozungumzwa kabla hata hajafungua mdomo. Wengi walienda kwa sababu kulikuwa na chai na chapati za akina mama wa kanisa. Mimi pia. Lakini nilipomsikia nilisahau chapati, na anayenijua anajua hilo ni neno kubwa.

Alitundika shuka ukutani, jenereta ikanguruma nje, picha zikatokea. Alitupitishia vigae vya vyungu tuvishike. Alitupitishia kipande cha jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa, akasema hicho ni kisu, kikate ngozi ya vidole vyenu kama hamniamini. Kikanikata. Nikapenda. Akasema pale tulipokaa watu walichunga ng'ombe kabla ya Wamaasai, kabla ya Wakamba, kabla ya yeyote mwenye jina tunalolijua.

"Kabla ya sisi kulikuwa nani?" akauliza mzee mmoja wa Kimaasai aliyekaa mbele na fimbo yake. "Swara?"

Ukumbi ukaanguka kicheko. Madam alicheka kuliko wote.

Kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau. Alichukua sahani ya chapati kutoka kwa akina mama, zimepangwa juu kwa juu, akauliza, "Gani ilipikwa kwanza?" Ya chini! "Na ya mwisho?" Ya juu! "Basi ardhi ni hivyo. Za juu ni za juzi. Sisi tunatafuta za chini. Za chini ndizo zinaongea." Akaziinua za juu moja moja akiziweka kando, mpaka akafika ya chini, akaishika hewani. Tulimpigia makofi kwa chapati.

Baba ndiye aliyemwambia habari ya rundo letu. Madam akaja kuliona, akalizunguka, akapiga magoti, akaingiza mkono kati ya mawe, macho yakamtoka. Alisema inawezekana kabisa kwamba chini kuna mtu wa zamani sana, wa wakati wa vile vyungu. Akaomba ruhusa ya kuchimba, taratibu, na watoto wa shule waje kuona. Jumamosi itakayofuata angeuliza ukumbi mzima, kwa heshima, kisha Jumatatu kazi ianze.

"Na hizi za juu?" Baba akauliza.

"Hizi za juu ni za juzi juzi, watu wanapita wanatupa. Hazituambii kitu. Tutazitoa, tutaweka kando. Ukitaka, mzee, jazia msingi wako."

Baba alifurahi mpaka akamkaribisha chai mara mbili. Mama alikuwa ameshafika nyuma yetu na trei. Niliona bakuli la sukari likiteleza mpaka ukingoni, likaanguka, na Mama hakuinama kuliokota. Aliangalia rundo. Mimi nilikuwa naruka ruka pale kama mwendawazimu, kwa sababu mtu wa zamani angetoka kwetu, kwetu, si kwa kina nani!

Wiki hiyo Mama hakuwa Mama. Chumvi alitia mara mbili au hakutia. Alienda kwa rundo asubuhi, akaenda jioni. Nilimkuta ameweka jiwe lingine nikakasirika.

"Mama, unaongeza kazi! Si zinatolewa Jumatatu?"

"Wacha niongeze kidogo tu."

Na kwenye meza nilimsikia akimwambia Baba, "Kwani hiyo msingi haiwezi kungoja?"

"Ingoje nini?"

Mama akamwongezea Baba ugali ambao hakuwa ameuomba. Baba alimwangalia sana, lakini naye hakujua pa kuanzia. Kuna watu wanaoweza kulala kitanda kimoja miaka na miaka na kuna chumba kimoja ndani ya nyumba hawajawahi kuingia pamoja. Wazazi wangu walikuwa hivyo kuhusu Kajiado.

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa. Baba alikaa mbele na koti lake la harusi. Mama alikuwa nyuma kabisa, mlangoni, pamoja na Koko. Madam alieleza kazi, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Yule mzee wa fimbo akasema kama marehemu ni wa zamani namna hiyo, basi si wao walimzika, na ploti ni ya Baba Mwende sasa, aulizwe yeye. Baba akasimama akasema yeye hana neno. Nikageuka kumwona Mama. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye lori.

Mwalimu mstaafu akaona hakuna pingamizi, akafurahi. "Haya, watoto nao? Mna swali? Kuuliza si ujinga."

Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya benchi.

"Madam, mtu akiachwa mahali, mnaweza kumpata?"

"Tukienda pole pole, tunaweza."

"Hata akiwa mdogo?"

"Hata mdogo. Ni kazi ngumu zaidi, lakini tunajaribu."

"Basi mkimaliza kwetu mwende Kajiado. Mama na Baba walimwacha mtoto wetu hospitali na hawajarudi kumchukua. Nimeshamtengenezea kayamba." Nikaitoa mfukoni nikaitikisa, ili waone sidanganyi.

Jenereta ndiyo iliyosikika, na mabati yakipigwa na upepo. Mwanamke mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Baba hakugeuka, lakini niliona shingo yake ikiingia ndani ya koti. Nilishuka kutoka kwenye benchi polepole. Nilijua nimesema jambo, sikujua ni lipi.

Ndipo Mama akatembea. Mama, ambaye hata kanisani aliomba mdomo ukiwa umefungwa, alitoka mlangoni akapita katikati ya watu wote hadi kwenye ile shuka, picha ya vyungu ikamwangukia usoni.

"Madam," akasema, "za chini sizijui. Za chini ni za wenyewe. Lakini hizo za juu umesema haziambii mtu kitu. Hizo za juu ni zangu."

Madam akaweka chini kijiti chake.

"Mimi sina kaburi. Hospitali walizika wenyewe, sikuonyeshwa ni wapi. Niliambiwa nishukuru, nikashukuru. Sasa huyu Koko ndiye aliniambia, mtu hapitwi bila kuwekewa jiwe. Nikaona, kama huyo mzee anakubali kuwekewa na watu hata hawamjui, hatakataa kukaa na mtoto." Akaangalia upande wa Baba kwa mara ya kwanza. "Usinitie mtoto kwa msingi, Baba Mwende. Tafadhali."

Koko aliguna huko nyuma, mguno ule wa Kimaasai wa kukubali. Madam alivua kofia. Sikuona kama alikuwa analia au ni ile taa ya picha, lakini alisema, "Hatugusi, mama. Hata moja." Kisha akaenda nje mwenyewe akazima jenereta.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Baba mbele. Nilidhani kiboko kinaningoja. Lakini hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kwa rundo, akasimama, akavua lile koti akalitandika chini kama mtu ambaye angekaa hapo sana.

"Ni zipi?" akauliza.

Mama akamwonyesha. Hii ni ya siku niliyoenda kusaga posho mill. Hii ni ya Pasaka. Hii niliitoa kwa barabara, siku ile uliniuliza kwa nini nimechelewa. Alizijua zote, na Baba alikuwa anagusa kila moja akionyeshwa. Mwishowe Mama akapiga magoti, akaingiza mkono kati ya mawe mawili makubwa, akamwonyesha jiwe dogo, jeupe, la mviringo.

"Hii ndiyo ya kwanza. Niliitoa kwa geti ya hospitali. Ulikuwa umeenda kuuliza basi. Nilikuwa na blanketi, na mikono ilikataa kurudi nyumbani mitupu."

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona, na sauti yake ilinitisha kuliko kiboko. Na mimi nikakumbuka ile manjano kifuani kwa Mama, na uzito wake.

"Kwa hivyo hakuna kitu cha kuchukua Kajiado?" nikauliza.

"Hakuna, Mwende."

"Na mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, kabla ya huzuni ilikuja hasira, moto kabisa, kwa sababu ya mabasi yote yale niliyoyakagua na vifuniko vyote vile vya soda. Nilipiga teke udongo, nikawaita waongo, na hakuna aliyenikemea. Nilipochoka, nilifunga kayamba yangu kwa waya kwenye mti wa miiba uliokuwa umeota kando ya rundo. Ule upepo ulioniponza mara nyingi ukaitikisa. Mama akafunga macho akaisikiliza.

Nyumba ya mawe ilijengwa baadaye, kwa mawe ya lori. Madam aliendelea kuja mpaka mvua zilipoharibu barabara, na alichimba kwingine, kwa watu wengine. Mtu wetu wa zamani hakuwahi kutoka. Siku hizi tumezungukwa na maghorofa, nguo za wapangaji zinaning'inia juu yetu, na madalali wanabisha geti kila wiki wakiuliza ile kona inauzwa. Baba huwaambia kuna wapangaji.

Jumapili iliyopita nililichukua jiwe langu kwenye kiti cha mbele nikaenda. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya rundo, kofia imemfunika macho. Nilidhani amelala. Nilizunguka rundo upande huu, nikarudi upande ule, sijui niweke wapi, hapa ni juu sana, pale litaanguka.

"Hiyo ni ya wapi?" akauliza bila kuinua kofia.

"Ya Makueni. Ya kwa Mama."

Akashika fimbo yake, akainuka kwa shida, akaja, akasogeza jiwe moja kubwa kwa ncha ya fimbo mpaka lile jeupe likaonekana.

"Weka hapo kando yake."

Niliweka. Lilikaa bila kuyumba. Baba akarudi kwenye kiti chake, akanipigia udongo wa kando yake kwa fimbo.

"Sasa kaa chini, Mwende."

Nikakaa.